Kinga Niliyompelekea Yaya Georgette

Mmeniuliza mara nyingi, barabarani na mlangoni mwa kanisa, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato: nilienda, tukarudi, Mungu amempokea. Jumapili iliyopita mlikuja kunigongea ili tuendeshe baiskeli hadi Kambove kama zamani, nikawaambia goti linaniuma. Niliona wazi kwamba hamkuamini. Goti langu ni zima. Nimeamua kuiandika safari hii yote, hatua kwa hatua, kwa sababu kila nikiisimulia kwa mdomo nasema uongo palepale.

Karatasi hizi zikianguka mikononi mwa mgeni, ajue jambo moja kabla ya kuendelea. Huku kwetu Katanga baiskeli tunaiita kinga. Babu zetu waliiita hivyo, watoto wetu wanaiita hivyo, na mtu akisema kinga hakuna anayeuliza maana yake.

Likasi: siku tatu za mipira

Ujumbe ulifika Jumatatu alasiri. Aliyeuleta ni Papa Mukalay, dereva wa lori la samaki, mtu mzima ambaye mnamjua kwa kikohozi chake na kwa uaminifu wake. Lori lilikuwa limevunjika ekseli kituoni Kapolowe, akakaa wiki nzima akingoja kipuri. Alikuja kwangu moja kwa moja, hata kabla ya kufika kwake kuoga.

"Dédé, niko na mesaje ya yaya yako Georgette. Asema umuletee kinga. Usikawiye."

"Yaya iko mugonjwa?"

"Minye sikumuona. Ni ule mwalimu wa kanisa yake, ule muntu ya Kigoma, njo alivuka muto kunitafuta. Anasema Kiswahili ya redio, minye sisikiyake yote. Lakini kinga alisema mara tatu. Kinga, kinga, bila kukawia."

Yaya Georgette ni dada yangu mkubwa. Alifiwa na mumewe, akabaki kijijini kwa mume, kando ya ziwa ng'ambo ya Kapolowe, akikausha samaki. Miguu yake ilikuwa ikivimba tangu mwaka jana. Daraja la magogo la kuingia kijijini lilikuwa limechukuliwa na mvua, gari halivuki, pikipiki haivuki, ila baiskeli watu huibeba mabegani. Kwa hiyo ujumbe ulinipendeza kwa jinsi ulivyokuwa na akili. Yaya hawezi kutembea, anataka nimfuate na kinga, nimpakie nyuma, nimlete mjini kwa daktari. Sikujiuliza zaidi ya hapo.

Ninyi mlikuwepo kwa yaliyofuata. Njia ile ina sura mbili: lami mpaka kituoni Kapolowe, halafu udongo mwekundu, kokoto, na mchanga ukikaribia maji. Baiskeli yangu ya mbio ina mipira ya magurudumu ya milimita ishirini na tano. Kwenye lami inakwenda yenyewe, lakini kwenye mchanga ingezama kama kidole kwenye bukari ya moto, ugali wetu. Kalenga, mmoja wenu, akaleta ile yake ya milimani, yenye meno mapana. Nikaikataa, kwa kuwa meno yale yanakula nguvu za mtu barabarani na haina mahali pa kufunga keria ya kumkalisha mama mzima. Jirani akatoa kinga nyeusi ya Kichina. Ile hubeba hata nyumba, lakini haina gia, na kilima cha Buluo hakina huruma.

Mimi nikataka ya katikati. Fundi Kabeya, ambaye hatengenezi kitu bila methali, aliniambia pale sokoni, "Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu." Akanitafutia fremu ya mtumba yenye uma mpana. Jumanne ikaisha hivyo. Jumatano tukatafuta mipira: ya arobaini mbele, ya arobaini na mbili nyuma kwa sababu mzigo ungekaa nyuma, na ikapita kwenye fremu ikabaki nafasi ya kidole kimoja tu. Tulibishana nusu siku kuhusu upepo. Ukijaza sana, kokoto zinakurusha. Ukipunguza, mwenye kukaa nyuma anagongesha ringi kwenye jiwe. Alhamisi nilifunga gunia la unga kwenye keria badala ya yaya, nikaenda nalo hadi Panda na kurudi, na mkanipigia makofi.

Nilikuwa na furaha siku zile tatu. Lazima niseme hivyo. Nilikuwa na furaha kama mtu anayejiandaa kwa harusi.

Likasi hadi kituoni Kapolowe

Niliondoka Ijumaa asubuhi. Mbingu zilikuwa chini na malori ya madini yalikuwa yakipita mfululizo, kila moja likinisukuma kwenye ukingo uliomegeka. Wauza makala, mkaa wa kupikia, walikuwa wakipanda kuelekea mjini, kila mtu akisukuma kinga yenye magunia yanayozidi kichwa chake. Mmoja alisimama kupumua, akaminya mpira wangu wa nyuma kwa dole gumba.

"Hii mupira ya bazungu. Iko nguvu, lakini umejaza sana. Toa hewa kiloko. Unabeba nini?"

"Naenda kubeba yaya yangu."

"Basi toa hewa kiloko juu ya yaya, haiko juu ya weye."

Nikatoa. Alisema kweli, kinga ikatulia.

Buluo, mbele ya gereza, wanawake walikuwa wamepanga foleni na sufuria zilizofungwa vitambaa. Mama mmoja aliomba nimbebee sufuria yake kutoka kilimani, mkono ulikuwa umemchoka. Ilikuwa sombe, majani ya muhogo, kwa mume wake mfungwa. Aliniuliza ninakwenda wapi, nikamweleza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Yaya yako iko na bahati. Minye banduku yangu habafikake hata hapa." Nilisikia vizuri moyoni. Naandika hata hili ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani asubuhi ile.

Baada ya Buluo nilipata pancha. Waya mwembamba, wa tairi la lori lililopasuka, ulikuwa umepenya hadi ndani. Upana wa mpira haukusaidia kitu. Mvua ikaanza nikiwa nimepiga magoti kando ya barabara, gundi ikakataa kushika kwenye mpira wenye maji, nikangoja chini ya paa la kibanda cha mtu aliyekuwa akiuza munkoyo. Nilikunywa vikombe viwili, nikamsikiliza akilalamika kuhusu mwanawe anayechimba kwa wizi kule Shinkolobwe na hasikii la mkubwa. Mvua ilipokatika ilikuwa alasiri. Kwa hali ile nisingefika ziwani siku hiyo.

Nililala kituoni kwa mama mjane anayepika bukari na samaki kwa madereva. Aliizunguka kinga, akaipapasa kiti, akacheka.

"Mupya hivi! Unaenda kuoa?"

"Apana, mama. Ni ya yaya, aliomba."

"Banadada ba siku hizi! Wa kwangu banaombaka telefone."

Tulicheka wote wawili. Samaki alikuwa mtamu, na nililala mapema kama mtu asiye na deni na dunia.

Udongo hadi ziwani

Jumamosi ilikuwa siku ya mipira. Udongo ulikuwa umekauka juu na laini chini, kokoto zikikimbia pembeni, na ile kinga ikapita kama tulivyopanga. Mara tatu nilikuta njia imekatwa na maji, nikaibeba. Nilipofika kwenye mchanga nilipunguza upepo tena, ikapita palipowashinda vijana wawili wenye mipira myembamba waliokuwa wakisukuma. Niliwapita nikiwapungia mkono. Mkitaka kujua kama mipira ile ilikuwa chaguo zuri, ilikuwa chaguo zuri. Hilo ndilo linalonichoma.

Kwenye daraja lililovunjika, wanaume wawili walinisaidia kuvusha. Mmoja aliposikia jina la yaya aliitazama kinga, akanitazama mimi. "Mwalimu anakungojea tangu zamani," alisema. Nikamshukuru.

Yaya alikuwa amekaa mbele ya nyumba akimenya muhogo, miguu ameinyoosha. Aliponiona alipiga kelele ya furaha, akajaribu kusimama, nikamwahi. Chini ya kidevu hadi shingoni alikuwa na makovu mapya, mekundu, manne au matano.

"Yaya, nini hii?"

"Imbwa. Imbwa ya bantu ba ku camp. Imepona sasa, usiogope. Ulikula?"

Mwalimu Zakaria alikuja akikimbia, kanga ya mkewe bado begani kwa vile alikuwa akibeba mtoto. Ni mtu mwembamba wa Kigoma, mhubiri na mnunuzi wa dagaa, mwenye sauti ya upole. Alinishika mikono yote miwili.

"Ndugu Dieudonné, Bwana asifiwe, umefika. Tulikata tamaa. Kinga umeileta?"

"Njo hii hapa," nikasema.

Alitazama mkononi mwangu. Kisha akatazama mfuko uliofungwa kwenye usukani.

"Imo mfukoni? Imewekwa kwenye barafu?"

"Barafu ya nini, mwalimu? Kinga njo hii." Nikaipiga kiti makofi mawili, kama mtu anayemwonyesha mnunuzi ng'ombe. "Mipira mipana. Yaya atakaa muzuri kabisa."

Hakuelewa, nami sikuelewa. Halafu niliona uso wake ukibadilika polepole, akaketi chini mchangani.

"Dawa," alisema. "Kinga ya kichaa cha mbwa. Sindano. Kwetu hiyo ndiyo kinga. Muuguzi wa hapa hana, alisema ipo mjini tu. Nilimwambia yule mzee dereva: mwambie ndugu yake alete kinga ya mbwa, haraka. Kinga ya mbwa. Yule mbwa alikufa siku ya tatu, ndugu yangu, anatokwa na mapovu."

Kinga ya mbwa. Jamani, isomeni kwa sikio la Likasi. Baiskeli ya mbwa! Papa Mukalay aliniambia baadaye kwamba alidhani mwalimu anafanya mzaha, au anamtukana mwenye kijiji, akaona haya kuniletea upuuzi ule, akamwondoa mbwa na kuniletea kinga peke yake. Mjumbe hauawi, na mzee wa watu alitaka tu ujumbe uwe na maana. Ulikuwa na maana kweli. Ulikuwa na maana kuliko ujumbe wenyewe.

Yaya ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. "Aliniletea velo, kinga ya kupanda! Mwalimu, unaona mudogo yangu? Minye naomba dawa, yeye ananiletea velo!" Kisha akaniona nilivyo, akaacha kucheka.

Nilihesabu pale pale. Aliumwa wiki mbili kasoro siku mbili zilizopita. Wiki ya kwanza ilikuwa ya lori la Mukalay, hiyo si yangu. Lakini tangu Jumatatu nilipopata ujumbe, hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni kwangu, na mimi nilikuwa sokoni nikipima upana wa mpira.

Kurudi, yaya akiwa nyuma

Nilitaka tuondoke saa ileile, ila yaya miguu ilikuwa imemvimba na jua lilikuwa linashuka, mwalimu akanishika. Tuliondoka Jumapili kulipopambazuka. Waumini wa kanisa lake walitusindikiza hadi mtoni wakiimba. Walimvusha yaya kwa kumkalisha kwenye kiti cha mbao mabegani mwa watu, na mwalimu Zakaria alilia waziwazi, bila kujificha.

Yaya alikuwa mzito, na alikaa vizuri. Kwa saa ya kwanza alizungumza kama redio. Alinisimulia samaki, majirani, jinsi nilivyoanguka nikiwa mdogo kwenye mtaro wa mgodi nikasingizia mbuzi. Alinitania kwa sababu mimi ni wa misa na yeye ni wa maombi ya kufunga. "Ba Katoliki munapendaka kukaa. Angalia, leo unatoka jasho kwa Yesu." Nilikanyaga pedali nikijifanya nacheka.

Kabla hatujafika kwenye misheni iliyo kando ya njia, alianza kujikuna shingoni. Alisema makovu yanamwasha, yanawaka kama pilipili. Tulisimama chini ya mti. Nikampa chupa ya maji. Aliinyanyua, ikafika midomoni, koo likamkaza, mwili mzima ukaruka, maji yakamwagika kifuani. Alijaribu tena. Mara ya pili hata hakuifikisha mdomoni, aliitazama tu, akaniomba niiondoe asiione.

Mimi sikuwa nimemwambia kwamba kuogopa maji ni dalili ya kichaa cha mbwa. Labda mwalimu alimwambia, sijui. Lakini alijua.

Hakukuwa na gari wala pikipiki mpaka kituoni, njia ilikuwa imekatika mahali patatu, na kila mahali nilimbeba yaya mgongoni kwanza, kisha nikarudia kinga. Upepo ulipompiga usoni alishtuka na kujifunika kitenge. Katikati ya hapo, akiwa amejifunika, aliniita.

"Dédé."

"Yaya."

"Ukifika ku muji, usibaambie bantu kama ulileta velo."

"Yaya, acha hayo."

"Sikiya. Bantu batakucheka kwanza, kisha batasema weye njo uliniuwa. Bibi yako, mama ya batoto, batamusema, batoto yako batabasema ku masomo. Sema minye nilikawia. Sema nilificha, nilisema ni kidonda tu. Minye sitasikia kitu."

"Sitasema vile."

"Utasema. Minye ni yaya yako."

Nilikanyaga. Nyuma yangu nilimsikia akiomba kwa sauti ndogo, na nilipopita kwenye mashimo nilijaribu kuyakwepa yote, hata yale madogo, kana kwamba nikimpitisha bila kutikisika kitu kingebadilika.

Kituoni mtu mmoja mwenye gari dogo la mizigo alitupakia bila kuuliza mengi. Kinga ilibaki ukutani kwa yule mama mjane. Mpaka leo ipo huko, sijaifuata na sitaifuata.

Likasi tena

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza ameumwa lini, na nani alimjulisha nani. Yaya aliwahi kunijibia, kwa sauti iliyokwaruza, "Minye nilikawia, docteur." Daktari aliandika. Nje ya chumba nilimuuliza kama sindano Jumanne ile ingemwokoa. Alisema pengine ndiyo, pengine hapana, majeraha ya shingoni hayasubiri, lakini siku zile tatu zilikuwa siku nzuri za kujaribu. Baada ya dalili, alisema, hakuna tena.

Alikufa Jumatano. Sitaandika zile siku mbili, mtanisamehe.

Kwenye kilio mlikuja wote. Mlikaa kwenye viti vya plastiki, mkaleta sukari na makala, na mmoja wenu akasimama kusifu: Dédé alimbeba yaya wake kwa kinga kutoka ziwani, kaka kama huyu hapatikani. Watu wakaguna kukubali. Kisha mjomba akaniomba nieleze jinsi ilivyokuwa, kama desturi inavyotaka, mtu wa karibu asimame aseme ugonjwa ulianza vipi na ukaishaje ili maneno yasizagae. Nikasimama. Nikasema yaya aliumwa na mbwa, akaficha, akasema ni kidonda tu, akakawia kutuita.

Nilipokaa, nilisikia wanawake nyuma yangu.

"Georgette alikuwaka vile. Kichwa nguvu."

"Ni ile kanisa yake. Banazani maombi inatosha. Sasa ameacha mudogo yake na uchungu."

"Mutu mukubwa, na hata hakujionea huruma."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakinywa. Waumini wake watatu waliokuwa wamesafiri kutoka ziwani walikuwa wamekaa pembeni karibu na ukuta, mwalimu Zakaria katikati yao. Walisikia yote. Mwalimu alinitazama, nami nikatazama chini, na yeye, mtu wa Mungu, hakufungua mdomo.

Mwezi mzima umepita, na hadithi hiyo sasa inatembea mjini bila mimi. Juzi nilimsikia mama mmoja sokoni akimkanya binti yake, asifiche kidonda kama yule mama wa ziwani aliyejiua kwa ukaidi.

Yaya wangu hakuficha kitu. Aliumwa Jumatatu asubuhi, na Jumatatu hiyohiyo, kitambaa chenye damu bado kikiwa shingoni, alimtuma mtu kuvuka mto kuniita.